Mafuta ya Shemeji

Juzi nilirudi Kalemie kumsalimia dada yangu, naye akanituma dukani kununua mafuta ya grupu, kile kimotere kinachompa umeme wa friji ya samaki. Msichana wa duka aliniuliza, "Mama, utakamata namba ngapi?" akimaanisha uzito wa mafuta. Kabla sijajibu, akaweka kopo mezani. "Kamata hii. Haya njo mepesi, motere inawaka mbio."

Nakwambia, rafiki yangu, nilisimama pale kama mtu aliyemwagiwa maji. Maneno hayo nilishayasikia mara moja, nikiwa mtoto, na yaliyofuata yalinishtua hata leo sijatulia. Acha nikusimulie.

Zamani za Zaire, katika kartie yetu, mtaa wa watu wa reli, tulikuwa na jirani tuliyemwita Mama Mulini. Yeye na mumewe walikuwa na mulini, mashine ya kusaga unga, ndani ya kibanda cha mabati kando ya nyumba yao. Asubuhi vijana wawili walishika manivele, ule mpini wa kuwashia motere, wakauzungusha wakihema mpaka mashine ikubali. Ikishaanza, tu-tu-tu-tu, kartie nzima ilijua siku imeanza. Sisi watoto tulipanga foleni na mabeseni ya mihogo mikavu kichwani, tukarudi weupe mpaka kope. Unga ulifika nyumbani ungali moto, na mama aliusonga bukari, ugali wetu, siku hiyo hiyo, tukala na ndakala, dagaa wa ziwani, wa kukaanga.

Huyo mama alikuwa mkali sana kwa mambo ya mafuta. Ukimletea mafuta ya motere hakujali maandishi ya kopo. Alimimina kidogo kwenye kikombe cha bati, akakiweka juani mpaka saa sita, kisha akachovya njiti ya ufagio na kutazama tone linavyoshuka. Likijivuta polepole, aliyapokea. Likikimbia, aliyarudisha na matusi madogo juu yake. "Asubuhi hata mawese yanaganda," alikuwa akituambia. "Yaulizeni saa sita." Tulimwelewa, maana chupa ya mawese nyumbani ilikuwa vile vile: asubuhi za kiangazi unaichokoa na kijiko, mchana inamwagika yenyewe. Joto la Kalemie unalijua. Ongeza joto la motere inayosaga tangu asubuhi, na mafuta mepesi yanakuwa maji tu, vyuma vinaanza kusagana vyenyewe. Niliwahi kumwona akimsimamisha dereva wa lori asiyemjua, ili amgombeze kwa mafuta aliyokuwa akitia. Kunyamaza hakukuwa tabia yake.

Kisha mumewe akafariki. Matanga hayajaisha vizuri, ndugu wa marehemu wakashuka kwa boti kutoka upande wa Moba. Walibeba kitanda, radio, baiskeli, mpaka sufuria kubwa. Mjane alikaa kwenye mukeka akiwatazama. Mulini peke yake ndiyo iliyowashinda kwa uzito, wakasema wataifuata. Mulini ile ndiyo iliyokuwa inawalisha watoto wake. Kartie yote ilijua hivyo, na wakubwa wetu wakasema ndiyo desturi, wakaenda zao.

Walirudi mwisho wa kiangazi, wakati ule jua linapochoma kabla mvua hazijaanza. Aliyewaongoza alikuwa mudogo wa marehemu. Naye alikuwa na mulini yake kule juu milimani, ambako asubuhi mtu anatoa moshi mdomoni kwa baridi. Wazee wawili wa ukoo walikuja naye kuona motere ikifanya kazi kabla ya kupakiwa botini. Nilikuwa pale, na beseni langu la mihogo.

Shemeji alishika manivele. Ikamkatalia. Akacheka.

"Mafuta gani haya, mazito hivi? Njo maana munateseka."

Akafungua chini, akayaacha mafuta yote yamwagike mchangani, akatia yake aliyoyaleta kwenye galoni. "Haya ya kwetu njo mepesi. Motere inawaka mbio."

Nilimgeukia Mama Mulini, nikingoja kelele zake. Alikuwa anachambua maharage kwenye lungo. Aliinua macho, akayatazama mafuta yale yakishuka mbio kutoka kwenye galoni, akayatazama mpaka yakaisha. Kisha akasema kwa upole, "Sawa, shemeji," akarudi kwenye maharage yake.

Nikafungua mdomo. Alinitupia jicho moja tu, nikaufunga.

Motere iliwaka kwa mkono mmoja. Wazee walifurahi, na shemeji akasaga bila kupumzisha ili waone nguvu yake. Kuelekea saa sita sauti ikaanza kubadilika, ikawa kavu na kali. Harufu ya chuma kilichoungua ikajaa kibanda. Halafu ukatoka mlio mmoja mrefu uliotufanya tuzibe masikio, na kimya. Walishika manivele watu watatu, haikusogea. Wanawake wa foleni walisimama na mikono mdomoni, na mzee mmoja akamwambia shemeji, "Umeiua."

Waliondoka bila mzigo. Nani atapakia chuma kilichokufa? Mimi niliendelea kumtazama yule mama. Alikuwa amemaliza maharage na anayapeleka motoni.

Tangu hapo tulikwenda kusaga mbali, na mama yangu alinung'unika miaka. Mama Mulini alitafuta kinu, akawatwangia watu mihogo mpaka viganja vikawa vigumu kama gome, na kwa kinu hicho aliwalea watoto wake.

Dukani nilichukua arobaini, yale mazito. Nikirudi nilipita pale. Kibanda hakipo, foleni haipo, tu-tu-tu ile haipo, na mwenyewe alishazikwa. Watoto waliokuwa wakicheza hapo hawakujua hata kama paliwahi kuwa na mulini.

Nilipokuwa msichana mkubwa niliwahi kumwuliza Mama Mulini. Nilimkuta kinuni. "Mama, siku ile ulijua?"

Mchi ulisimama hewani.

"Mwanangu," akasema, "kuna muntu aliniuliza?"

Akaushusha, akaendelea kutwanga.