Boga Lililomeza Pikipiki

Mwanangu, wewe unayeandika hadithi za ajabu kwenye simu, nakumbuka siku niliyokwenda kijijini Kasugho kumsomea shangazi yangu Masika hadithi yangu ya kwanza. Nilikuwa nasoma shule ya usiku hapa Butembo, na kichwa kilikuwa kimenivimba hadi kofia zote za soko zilinikataa. Jumapili ningeisoma katika ukumbi wa parokia. Ndani yake boga kubwa kuliko kanisa lilimeza pikipiki zote za barabara ya Beni, abiria na mizigo, mpaka shujaa wangu akalipasua kwa panga la radi. Niliapa kwamba yote yametoka kichwani mwangu.

Shangazi alikuwa anapukuchua maharagwe na majirani zake. Nilipofika pale boga linafungua kinywa, akanitangulia: "Inameza mbuzi kwanza, kisha mutoto mwenye kuzichunga."

"Shangazi, umeijua wapi? Nimeitunga juma hili!"

"Wewe? Nilikuwa naiimba na wewe mugongoni, unanimwangia mate kwenye shingo!" Akina mama wakacheka mpaka maharagwe yakaruka. "Pikipiki ni yako, donc beba pikipiki yako. Boga ni ya mama yangu. Naye aliipata kwa koko mumoja, bibi muzee wa Beni. Kwao hapana boga, ni nyoka ya pori." Kisha akaacha kupukuchua. "Mais hiyo panga... Batu wako ndani, wewe unakata! Unataka kubatoa ao kubachinja?"

Nikairudia sehemu ile. Shujaa wangu alikuwa amewakata wale wale aliokuja kuwaokoa.

Kumbe, akanieleza, boga hufunguka kwa wimbo. Msimulizi huita jina la aliyemezwa, wanaopukuchua huitikia, na kwa kila itikio mtu mmoja anatoka mzima. Shangazi akaniimbisha hadi sauti ikanikauka.

Jumapili, kabla ya kusoma, nilimtaja shangazi na yule koko wa Beni. Nilipoanza kuita, ukumbi ukaitikia kwa nguvu, nadhani hata Uganda walisikia. Ndipo mama mmoja mzee wa nyuma akasimama, akaita jina ambalo sikuliandika: "Toka, Kambale! Toka, mutoto wangu!" Kambale wake alikwenda shambani upande wa Beni, hakurudi. Hakuna aliyecheka. Tukaitikia, kwa nguvu ile ile.

Basi mwanangu, tunga upendavyo, ongeza hata ndege za chuma. Lakini kabla ya kusema ni yako, wasomee wakubwa wa kwenu, uwaulize kila kipande kimetoka wapi, na uwataje. Huenda wamebaki na sehemu ile ambayo mtu fulani anaisubiri, kama yule mama alivyousubiri wimbo. Mungu aubariki mkono wako, na nyumbani kwenu kusikose wa kukusimulia.