Saa ya Wapanda Milima

Mimi ni mtu wa ndani. Sisemi kwa kujisifu wala kwa kuomba radhi. Kuna watu wa bahari, kuna watu wa shamba, kuna watu wa safari. Mimi Mungu alinipa sebule. Kazi yangu naifanya humo humo, kwenye kompyuta moja na printa moja: nachapa barua za kuomba kazi, mitihani ya majaribio ya shule za hapa Bagamoyo, kadi za harusi, na mihtasari ya vikao vya mirathi ambavyo huishia kwa watu kununiana. Mteja anaingia, anakaa, anasema, mimi nachapa. Mke wangu alikuwa akiwaambia wageni kwamba siku nikipotea hatahangaika na polisi, atainua tu mto wa kochi.

Ndiyo maana daktari wa kliniki ya sukari alipoisoma karatasi yangu ya vipimo akaniuliza, "Mzee, kwa siku unatembea kiasi gani?" nilifikiri kwa uaminifu kabisa, nikamjibu, "Mpaka chooni."

Hakucheka. Akaniambia sukari yangu imepanda siku nyingi bila mimi kujua, na kwa hali ile itaanza kula miguu. Aliitazama miguu yenyewe wakati akisema, kama fundi anavyotazama gari ambalo mwenye nalo bado analipenda. Nitembee kila siku, la sivyo iko siku nitakatwa. Akaongeza mambo mengine, ya viatu na ya kukagua nyayo kila jioni, lakini mimi nilikuwa nimebaki nyuma, kwenye lile neno la kukatwa. Hayo mengine yalinipita kama matangazo ya vifo ya mkoa mwingine.

Nilitoka pale na hofu ya kweli. Na mtu wa ndani akishikwa na hofu hatembei; hununua kitu.

Nikaenda kwa rafiki yangu mwenye duka la simu na redio. Ni Mhindi wa hapa hapa, babu yake aliuza vitambaa kwenye chumba kile kile. Tulisoma naye sekondari, darasa moja, dawati moja, na mara nyingi adhabu moja.

"Nataka saa ya kuhesabu hatua," nikamwambia.

"Hatua za nani?"

"Zangu."

Akageuka akamwita mkewe kutoka chumba cha nyuma aje asikie mwenyewe.

Walipomaliza kucheka akanipangia saa tatu juu ya kioo cha kaunta. Ya kwanza ilikuwa nyembamba, mkanda mweupe, akasema hiyo wanaipenda kina mama wa presha. Ya pili sikumbuki hata ilivyokuwa, kwa sababu macho yangu yalikuwa yameshafika kwenye ya tatu. Nene kama kopo la dawa ya viatu, skrubu zimeizunguka ukingoni, kioo ambacho alikigonga kwa funguo za duka na kisipate hata alama. Ilikuwa na dira. Ilipima mwinuko wa mlima na kina cha bahari. Ilikuwa na orodha ya michezo ndefu kuliko dua ya hitima: kukimbia, kuogelea, baiskeli, kuzamia, mpaka kuteleza kwenye theluji.

"Hii ni ya wapanda milima, mwenzangu," akasema. "Kati ya kitanda chako na choo kuna mlima gani?"

"Kuna mke wangu."

"Acha utani. Chukua hii nyembamba. Chenji yake kanunue raba nzuri."

"Raba ninazo."

Nilikuwa nazo kweli. Za mtumba, pungufu namba moja, nilizinunua kwa ajili ya siku ya michezo ya shule fulani iliyonialika kwa kuwa naichapia mitihani, na siku yenyewe ilipofika nikabaki nyumbani. Kwa nini nilishikilia ile nene? Nimejiuliza sana. Nadhani mtu akiambiwa mwili wake unaoza, hataki afungwe mkononi kitu cha wagonjwa. Nilitaka kitu ambacho hata kikianguka kutoka mlimani hakifi. Bei yake naificha mpaka leo.

Nilipofika nyumbani mke wangu aliushika mkono wangu akauleta dirishani, kwenye mwanga.

"Hii saa, bwana, au kifuniko cha birika?"

"Inafika mita mia chini ya bahari."

"Na wewe je, unafika sokoni?"

Siku za mwanzo niliipenda saa ile kama mtu anavyompenda mgeni. Iliniambia mapigo ya moyo, iliniambia nimelala vizuri au vibaya kana kwamba mimi sikuwapo. Iliniambia sebule yangu iko mita nne juu ya usawa wa bahari, na asubuhi moja ya mvua ikaniambia niko mita mbili chini yake. Nilimwita mke wangu nikamwonyesha kwamba tumeshazama. Nikikaa sana ilitikisika na kuniamuru nisimame, hata Ijumaa msikitini katikati ya hotuba, mpaka jirani yangu wa safu akaninong'oneza, "Mwambie asubiri, tunamaliza."

Nikaanza kutembea. Na hapo ndipo nilipogundua tatizo ambalo watengenezaji wa saa zile hawalijui, kwa sababu nadhani wanatoka nchi ambazo watu hawasalimiani.

Mji wetu haukuruhusu kutembea bure. Mtu akipita ana anakokwenda, na anakokwenda ni lazima kujulikane. Hatua hamsini tu kutoka mlangoni kwangu, jirani anayekaanga mihogo:

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

"Wapi tena asubuhi hii?"

"Natembea."

"Unatembea wapi?"

"Natembea tu."

Akaacha mwiko. "Kuna msiba?"

Nikasimama kumweleza kwamba hakuna msiba. Saa nayo ikasimama. Ilikuwa na tabia kwamba ukisimama nayo inasimamisha mazoezi, inakuuliza kama umemaliza. Nikaanza tena, hatua sitini, mzee wa kwenye duka la mkaa. Shikamoo yangu, marahaba yake, habari za nyumbani, za watoto, za miguu, unakwenda wapi. Saa ikasimama. Kwa saa nzima nilipata mazoezi ya dakika kumi na moja na maamkizi ya dakika arobaini na tisa. Wiki ya pili uvumi ulimfikia mke wangu kabla sijafika mimi: kwamba nimefukuzwa nyumbani, na mwingine, wa kuniheshimu zaidi, kwamba nina nyumba ndogo.

"Nimewaambia huna nguvu hizo," akanifariji.

Basi nikawakimbia watu. Hilo ndilo kosa langu, na nimeligeuza mara nyingi kitandani nikitafuta upande wake mzuri sijauona. Nikawa natoka mara tu baada ya swala ya alfajiri, napita uchochoroni, nashika tuta la mashamba ya chumvi kaskazini ya mji, ambako hakuna nyumba wala baraza. Tuta linanyooka katikati ya madimbwi meupe, upande huu mikoko, upande ule mikoko, na hakuna wa kukuuliza unakwenda wapi. Saa ilifurahi. Haikusimama hata mara moja. Hatua elfu sita, elfu saba, elfu nane. Nikawa najisikia mwanamume.

Mtu aliyezoea kusalimiwa na mji mzima ana macho mia yanayomtazama anavyotembea. Yule wa mihogo angeniambia, baba, mbona unachechemea? Mzee wa mkaa angeniuliza kabla ya habari za watoto. Mimi niliwaacha wote kwa ajili ya jicho moja la kioo, lililokuwa limefungwa mkononi, halioni chini.

Siku niliyofikisha hatua elfu kumi saa ilitetemeka, ikachora fataki, ikaandika kwa Kiingereza kwamba nimevuka lengo. Nikasimama pale tutani nikiitazama kama mjinga. Kulikuwa na mama mmoja anakwangua chumvi kwenye dimbwi la karibu, kanga imefungwa kiunoni. Tulizoea kupungiana mikono tu. Siku hiyo aliita.

"Baba, kiatu chako kinatoka damu."

"Tope hilo, mama."

"Tope la hapa jeupe."

Nikatazama. Ubavu wa raba ya kulia ulikuwa umelowa rangi ya kahawia, na nyuma yangu kwenye tuta kulikuwa na alama moja moja, mguu mmoja tu, mpaka mbali. Nikakaa chini nikaivua. Soksi ilikuwa imegandana na kidole gumba. Ndani ya kiatu mlikuwa na kipande cha ganda la chaza, ukubwa wa ukucha, kikali kama wembe. Kiliingia lini sijui. Labda asubuhi ile, labda jana yake. Nilikuwa nimekikanyaga na kukikanyaga, hatua kwa hatua, na saa ilizihesabu zote.

Yule mama alikuja akachungulia.

"Huumwi?"

"Siumwi hata kidogo," nikasema, na nilisema kwa furaha.

"Basi hilo ndilo baya," akasema, akarudi kwenye chumvi yake.

Sikumwambia mke wangu. Nilisafisha kwa maji ya chumvi, nikafunga kitambaa, nikavaa soksi hata ndani ya nyumba, nikasema miguu inapata baridi. Hapa kwetu, joto hili. Aliniangalia, akadhani ni masharti ya saa. Kila asubuhi niliitazama saa: moyo mzuri, usingizi mzuri, hewa kwenye damu nzuri. Nikajiambia chombo kinachoweza kupima kina cha bahari hakiwezi kushindwa kuona kidole kinachooza. Nilikiamini. Au nilitaka sababu ya kutokwenda kuonana na yule daktari na lile neno lake.

Siku ya tisa mke wangu alisema sebule inanuka.

"Panya amekufa humu," akasema.

Tukamtafuta. Namuomba Mungu anisamehe siku ile. Tulisogeza kochi, tukasogeza kabati la vyombo, tukatoa mabunda ya karatasi, tukachungulia nyuma ya printa kwa tochi ya ile saa, maana ilikuwa na tochi pia. Mimi ndiye niliyekuwa nikimulika. Mke wangu alikuwa amepiga magoti, pua chini, anafuata harufu kwa subira kama anavyofanya kila kitu, kutoka kabatini mpaka mlangoni, kutoka mlangoni mpaka kwenye zulia, mpaka akafika kwenye soksi yangu. Hakuniangalia usoni. Alikaa chini, akauchukua mguu akauweka mapajani, akaanza kuvua ile soksi polepole, kama anayemvua mtoto aliyelala.

"Ulikuwa unajua," akasema.

Nikamwambia sikuwa na uhakika.

Hospitali walikata viwili, gumba na jirani yake. Muuguzi aliyenivua saa kabla ya kuingia chumba cha upasuaji aliipima uzito kiganjani. "Mzee ni mwanariadha?" Nikamwambia nilikuwa. Sijaivaa tena, ninavyoandika iko kwenye droo ya karatasi, na chaji yake imeshakwisha.

Vidole tulipewa wenyewe, vimefungwa kwa kitambaa, ndivyo dini yetu inavyotaka, kiungo cha mtu kinazikwa. Shemeji yangu alitoka Kiwangwa, mananasi mkono huu, jembe mkono huu, akaenda kuvifukia pembeni ya makaburi ya ukoo, karibu na mama yangu. Aliporudi nikamuuliza kama amevisomea.

"Vidole havisaliwi, shemeji," akasema. "Vina dhambi gani? Havijawahi kwenda popote."

Tulicheka sana, mimi na yeye, mpaka nikashindwa kuacha, na alipoona nimeshindwa kuacha akatoka nje. Watu walikuja kunipa pole, wakakaa, wakanywa chai. Mimi niliwaza jambo moja tu, kwamba nimeanza kuzikwa kwa mafungu, kama samaki wanavyouzwa ferini.

Kidonda hakikufunga. Mwezi wa kwanza walisema subira. Mwezi wa pili walikuwa wakitazamana tu. Weusi ulitoka penye kidonda ukaanza kupanda unyayoni. Juzi tumerudi kliniki, nimeegemea bega la mke wangu, na safari hii daktari ni binti mdogo, mpole, aliyeniamkia kabla hata sijakaa. Alieleza yote bila kuficha. Damu haifiki vizuri chini. Anataka ajue pia ganzi imepanda mpaka wapi, kisha wataamua kama ni unyayo tu au chini ya goti.

"Fumba macho, baba. Nitakugusa kwa uzi. Kila ukisikia, sema ndiyo."

Nikafumba. Nilikaza macho, nikakaza meno, nikaushusha moyo wangu wote mpaka kwenye ule mguu. Nikasema ndiyo. Nikangoja kidogo, nikasema ndiyo. Nikaona naanza kupata mpangilio wake: anagusa, anapumzika, anagusa. Ndiyo. Nilisema ndiyo nyingi, na nyingine niliisema kwa sauti ya mtu aliyechomwa, ili asiwe na shaka.

Nikasikia kalamu ikiandika.

Nje, kwenye benchi, tukingoja bajaji, nilimuuliza mke wangu. Yeye macho yake yalikuwa wazi muda wote.

"Nilipatia ngapi?"

Alijifunga upya mtandio wake, ingawa haukuwa umelegea.

"Zile tatu za mwanzo," akasema, "alikuwa bado anautafuta uzi mezani."

Tumepangiwa Jumatatu. Shemeji ameshapigiwa simu.