Bati Lina Upande Wake

Kwa nini bati lipasuke likikunjwa hivi, na likikunjwa vile likubali, hali ni bati lile lile? Miaka ile ya tisini sikuwa na jibu, na nakwambia, mdogo wangu, mtu asiye na jibu huwa mwepesi wa kushuku.

Nakumbuka nilikuwa likizo kutoka chuo kikuu, nyumbani Naipingo. Mama alikuwa na bati moja tu la aluminiamu, bapa, nene na gumu, alilopewa na shemeji yake wa Nachingwea mjini. Alitaka gata la kukinga maji ya mvua, apumzike safari za kisimani. Goti lake lilishaanza kuvimba. Nikamchorea: likunjwe kwa urefu, vipande viwili, kiungo kimoja.

Mzee Saidi, fundi bati, aliutazama mchoro, kisha akaliinua bati. Akalipinda kidogo, akaliachia. Akaligeuza, akalipinda tena. Akaligonga kwa kifundo cha kidole, sikio karibu.

"Huku halitaki," akasema. "Tukunje kwa upana. Vitatoka vipande vinne."

Vipande vinne, viungo vitatu, na ujira wa viungo vitatu! Nikaona nimemkamata.

"Mzee, bati linakwambia nini ambacho mimi sikisikii?"

"Linasema lilipita kwenye roli, zile silinda za kulibana kiwandani, likielekea wapi."

"Nipe kipimo."

"Si hiki?" Akaninyooshea kidole chake. "Au mpaka nilivunje ndiyo uamini?"

Mama alicheka, lakini akaamua: "Fanya anavyosema msomi wetu, Mzee Saidi."

Fundi alikunja taratibu. Ufa ulitokea kwenye mkunjo, ukakimbia hadi mwisho wa bati. Msimu ule wote mama aliendelea kubeba ndoo, akichechemea.

Mzee Saidi hakunicheka. "Kunishuku si kosa, binti. Lakini mbona mchoro wako hukuushuku hata kidogo?"

Basi nakuusia, mdogo wangu: shuku. Mimi bado nashuku, na haya ninayokuandikia usiyameze tu. Ila anza kulishuku lile unalotamani liwe kweli, na kabla hujamwita fundi mwongo, mwombe akufundishe kusikia. Mungu akujalie akili kali, na wepesi wa kuomba radhi mtu akiwa bado hai; mimi kwa Mzee Saidi nilichelewa.

Miaka mingi baadaye, kiwandani Dar es Salaam, nilishika kifaa kinachopitisha sauti ndani ya bati bila kulikata. Roli huzilaza chembe za metali kufuata upande mmoja; mkunjo ukifuata mlalo huo bati hupasuka, na sauti hukimbia kwa kasi moja kwa urefu, na nyingine kwa upana.