Sindano na Mpiga Ngoma Aliyechelewa

Shemeji yangu anatengeneza cherehani. Watu humletea zilizokwama, zinazoruka mshono, zinazokata uzi kila baada ya pindo, naye huzifungua kwenye meza yake ndefu, huzisafisha, huzipaka mafuta na kuzirudisha kwa wenyewe zikiwa nzima. Ni mke wa kaka yangu, ambaye yuko na lori barabarani mwezi baada ya mwezi, na anaishi na mama yetu katika nyumba ambayo chumba chake cha mbele ndicho karakana. Mtaani wanamwita Fundi. Wanamwamkia kwa heshima zote, na hakuna hata mmoja anayejua kwamba mama huyo mwenye aproni ya madoa ya grisi ndiye Sindano.

Ngoja nieleze Sindano ni nani. Mimi nina duka la fotokopi, na kando ya kazi hiyo natoa jarida dogo la wapenzi wa metali, ule muziki wa magitaa mazito na sauti za kunguruma ambao redio hazitaki hata kuutaja. Tuko wachache, tunatambuana kwa fulana nyeusi na kwa masikio mabovu. Bendi zetu hurekodi kwenye mabanda na vyumba vya kulala, kaseti zinauzwa mkono kwa mkono, na kila inapotoka mpya, nakala moja huletwa dukani kwangu ili imfikie Sindano. Watu wananunua jarida kwa ajili ya ukurasa wake. Kurasa nyingine nazijaza mimi, na sijidanganyi, najua wanazifutia viatu.

Sindano hana simile. Aliwahi kuandika kuhusu mpiga gitaa mmoja kwamba ana vidole kumi na wazo moja. Mwimbaji mwingine alimwandikia hivi: "Ananguruma kama mtu aliyekanyagwa kidole, na kidole chenyewe si chake." Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Mwimbaji yule hakucheka, na sijamwona tena kwenye muziki.

"Shemeji, legeza kidogo," nilimwomba siku moja. "Hawa ni watu wetu."

"Ndiyo maana sitaki kuwajua," akanijibu bila kuinua macho kwenye kazi. "Wewe unamsifu huyu kwa kuwa alikununulia soda. Yeye anamsifu yule kwa kuwa ni binamu yake. Kusifiana ndiko kunakoua huu muziki. Mimi nipe kaseti tu. Kaseti haina uso."

Basi hajawahi kwenda kwenye onyesho hata moja. Husikiliza jioni akishafunga kazi, kwenye redio kaseti kongwe iliyokaa rafuni pamoja na chupa za mafuta, huku mama akilalamika kutoka ndani.

"Mwanangu, huyo anayelia hivyo ameibiwa nini?"

"Amefiwa, mama."

"Basi mpelekeeni pole anyamaze, watu tulale."

Miaka ya karibuni ukali wake uligeukia jambo moja: mwendo. Kila bendi kwake ilikuwa inajikokota. Huyu amechoka kabla ya kuanza, wale wanapiga kama wamebeba magunia. Bendi moja tu aliisifu, akaiita nzito kama zege, na mpaka leo inatembea kifua mbele kwa ajili ya sifa hiyo. Wengine wote, kwa kuchoka kuambiwa wanajikokota, wakaanza kukimbia kama wanafukuzwa na nyuki. Kila kaseti mpya ilikuja na mbio zaidi, na kila mwezi Sindano akasema bado. Hata kaseti zake za ujanani, zile zilizokuwa zikimsimamisha nywele, alianza kuziona zimepoa. "Ni umri, shemeji," aliniambia. "Damu imepoa, raha imekwisha." Alisema kwa huzuni ya kweli, nami kwa ujinga wangu nikamtania kwamba akanunue fimbo ya kutembelea.

Aliyeumia kuliko wote ni fundi mmoja wa matairi, kijana mpole mwenye mabega kama mlango, aliyekuwa akipiga ngoma katika bendi ya rafiki zake. Sindano alimwandikia mistari michache tu. "Mpiga ngoma anaburuta miguu kama mgonjwa anayepelekwa hospitali kwa nguvu. Wenzake wanamsubiri mlangoni." Tangu siku hiyo akaitwa Mgonjwa. Waliomwita hivyo walidhani wanatania. Haukupita muda mrefu, bendi ikamwacha. Jumamosi ya wiki ninayoisimulia walikuwa na onyesho kubwa, na nafasi yake ilikuwa imeshikwa na mpigaji wa kuazima. Kila mtu alijua kwamba wa kuazima akifanya vizuri siku hiyo, ndiye atakayebaki moja kwa moja.

Jumatano mchana Mgonjwa akaingia dukani kwangu.

Hakusalimia. Alitoa kwenye mfuko wa nyuma chuma cha kufungulia matairi, akakilaza juu ya kaunta, akaweka kaseti pembeni yake. Nadhani alikitoa ili akae vizuri, lakini mimi nilikiangalia kile chuma nikarudi nyuma hatua moja.

"Nataka Sindano asikilize tena," akasema. "Mimi nikiwa nimekaa mbele yake."

"Simjui. Huwa anatuma tu."

"Kaka, usinidanganye. Anatuma na nani?"

"Ndugu yangu, ni muziki tu huu. Utaandikwa vibaya leo, kesho utaandikwa vizuri."

"Nitasubiri."

Akavuta kigoda akakaa mlangoni. Wateja walikuja wakamruka miguu. Alikuwa ametulia kabisa, na utulivu wake ulinitisha kuliko matusi. Mbaya zaidi, Jumatano hiyo ndiyo ilikuwa siku ya shemeji kuniletea ukurasa wake wa mwezi, na simu yake huwa anaiacha ndani kwa mama. Kila kivuli kilichopita nje nilikikodolea macho.

Akaja. Aproni yake, bahasha yake chini ya kwapa, uso wa mtu asiye na habari. Nilimkonyeza. Nikakohoa. Akaniuliza kama nimeshikwa na mafua.

Mgonjwa alisimama kumpisha, kisha akamtazama kwa makini. "Shikamoo mama. Samahani, wewe si mtu wa huu muziki, sivyo?"

"Marahaba. Mimi ni fundi wa cherehani."

"Basi hutakuwa na upendeleo. Naomba unisaidie kitu kimoja. Sikiliza hapa, halafu uniambie kama anayepiga ngoma anachelewa."

Kabla sijamzuia alishachomeka kaseti kwenye redio ya dukani na kubonyeza. Magitaa yakaporomoka, ngoma zikaingia, na duka zima likajaa. Niliona uso wa shemeji ukibadilika. Kwanza alikunja uso, kisha akainamisha kichwa upande, kisha akasogea karibu na spika kama mtu anayetafuta harufu ya kitu kinachoungua. Ngoma zilikuwa zimenyooka. Zilikwenda mbio na hazikuyumba popote, hata mimi nisiye na sikio niliona hivyo.

"Mmerudia kurekodi?" akauliza.

"Hapana mama. Ni ile ile."

"Haiwezekani. Ile ilikuwa..."

Akauma ulimi, lakini maneno yalishatoka. Mgonjwa alizima redio.

"Ile ipi?" akauliza taratibu. "Nakala za kaseti hii zilitoka chache sana. Wewe umeisikia wapi?"

"Kwangu," nikadakia. "Aliisikia hapa dukani, mimi huwa..."

"Shemeji, nyamaza." Aliweka bahasha juu ya kaunta, kando ya kile chuma. "Ni mimi. Mimi ndiye Sindano."

Mgonjwa akashika chuma chake. Nilitoka nyuma ya kaunta bila kujua nitafanya nini, maana mimi na yeye ni kama kuku na lori. Alikishika mpaka vidole vikapauka. Kisha akakirudisha mfukoni.

"Nionyeshe unaposikilizia," akasema.

Tulitembea mpaka karakana. Shemeji alichomeka kaseti kwenye redio yake kongwe, akabonyeza. Magitaa yakaanza kujivuta. Mwimbaji akanguruma kama ng'ombe aliyeamshwa. Na ngoma, zile zile tulizozisikia dukani, zikaja moja moja zikiburuta miguu. Si kwa kiasi kikubwa. Ni kiasi tu cha mtu kuvunjwa jina.

Hakungoja wimbo uishe. Alichukua bisibisi, akafungua kifuniko cha nyuma, akaingiza kidole na kutoa mkanda unaozungusha kaseti. Ulining'inia kidoleni mwake kama lastiki ya chupi iliyochoka.

"Mikanda," akasema. "Nabadilisha mikanda ya cherehani za watu kila siku ya Mungu." Akakaa chini. Ulikuwa umelegea kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka, na sikio lake likalegea nao. Sijawahi kumwona shemeji yangu akikosa pa kuweka uso, na sikupenda kumwona hivyo.

Kwa hiyo nikasema upuuzi. "Tubadilishe mkanda, tuendelee. Tunaojua ni sisi watatu tu. Mwezi ujao utamsifu, mambo yataisha."

"Nitaandika kilichotokea," akasema. "Kwa jina langu."

Nilikasirika, sifichi. Niliona jarida langu likifa pale pale mezani. Zile hukumu zote, zile bendi zilizokimbia bure, ile ya zege inayotembea kifua mbele, nani atanunua tena? Nikamwambia anaua kazi yangu ili yeye ajisikie msafi. Akaniambia kazi hiyo imeshakufa, tulikuwa tunauza maiti yake.

"Msigombane," Mgonjwa akasema. "Andika usiandike, haitasaidia."

Tukamgeukia.

"Wenzangu hawakunifukuza kwa maneno yako. Waliyacheka wakayasahau. Aliyeyaamini ni mimi." Alikuwa anaangalia viganja vyake. "Nilijiambia, Sindano hakosei. Nikaanza kuharakisha, nikawa nawaacha nyuma. Wakaniambia nipunguze, nikipunguza nachelewa kwelikweli. Kila zoezi tukigombana, mpaka wakachoka. Sasa nikishika vijiti sijui mkono upi unasema kweli. Nilitaka unisikilize tena uniambie nimepona."

Hapo shemeji angeweza kulia, na pengine ndicho alichotaka. Badala yake alisimama, akageuza kigoda cha mbao juu chini, akaweka pembeni yake kifuniko cha cherehani na kopo la skrubu, akamkabidhi bisibisi mbili zenye mipini mirefu.

"Piga," akasema. "Wimbo ule ule."

Akapiga. Mimi niliona mikono tu ikienda, sikujua mbovu wala nzuri. Alipomaliza jasho lilikuwa linamtiririka, naye akamtazama shemeji yangu jinsi mtu anavyomtazama daktari aliyeshika karatasi ya majibu.

"Vipi?"

Nilimwomba shemeji kwa macho adanganye. Huyu mtu umemvunja mwenyewe, nilikuwa namwambia moyoni, mpe neno moja tamu aende zake. Lilikuwa limefika mdomoni mwake, niliona. Akalimeza.

"Unakimbia," akasema.

Mgonjwa akafumba macho.

"Si mwanzo. Mwanzo uko sawa kabisa. Unakimbia pale magitaa yanapokatika unabaki peke yako. Unaogopa pale. Rudia."

Akarudia. Akaambiwa bado. Akarudia, akatupa bisibisi chini, akaziokota, akarudia. Mama alitoka ndani akasimama mlangoni, akatutazama mmoja mmoja, akarudi bila kuuliza, jambo ambalo sijawahi kuliona maishani. Shemeji alikuwa amevuta kiti karibu mno, mipini ya bisibisi ilikuwa inampita puani. Kila walipofika pale magitaa yanapokatika, alikuwa anaacha kupumua, nami pia.

Halafu safari moja wakapita pale salama. Mikono ya Mgonjwa ilibaki peke yake na haikwenda popote, ilikaa pale pale, nzito, ikingoja magitaa yarudi. Alimaliza, akanyanyua uso.

"Rudia," akasema shemeji. Alikuwa anapangusa macho kwa aproni yake chafu na kujipaka grisi uso mzima. "Hii sasa nasikiliza kwa raha zangu."

Alipoanza tena nilitoa simu, nikampigia mwimbaji wa bendi yao. Alipopokea niliinyoosha simu kuelekea kile kigoda na lile kopo la skrubu. Nilipoirudisha sikioni alikuwa anapiga kelele.

"Huyo nani anayepiga? Uko wapi? Ana nafasi Jumamosi?"

Nikamnyooshea Mgonjwa simu. Aliiona. Alimsikia rafiki yake akiita humo ndani, akatikisa kichwa kwamba asubiri kwanza, akaendelea kupiga mpaka wimbo ukaisha.