Majani ya Mtu Aliyeonyesha Boma Letu

Kwa miaka sita nilimrudishia mzee mmoja majani yake ya chai karibu kila siku, na nilifurahia kufanya hivyo. Mimi ni karani wa kituo cha kununulia majani upande wa Nyamira. Mkulima anamwaga kikapu mezani, ninapekua, na nikikuta majani magumu namwambia ayatoe. Ya mzee huyu yalikuwa laini kuliko ya wengi. Nilimwambia ni magumu.

Ni jirani yetu. Wakati wa vita vya uchaguzi, wachomaji walipofika bila kujua boma lipi ni la nani, yeye ndiye aliyewaonyesha letu. Baba alikuwa ndani, mguu wake mgonjwa ulimzuia kukimbia. Mimi na mama tulikuwa tumejilaza kwenye shamba la chai, na tulimwona jirani akiinua mkono.

Sikukimbilia kisasi. Tuliandikisha ushahidi, tukasubiri. Mwanasheria kijana akatoka Nairobi, akatueleza baada ya ibada ya Sabato kwamba sheria za kimataifa haziruhusu mauaji kama yale yafutwe kwa maombi na kupeana mikono. Nilimpenda mara moja. Nikamwuliza kama mahakama ya kimataifa huko ng'ambo itamchukua jirani yetu, aliyekaa benchi mbili nyuma yangu. Akakohoa. Akasema mahakama ile ni ya wakubwa, wadogo ni kazi ya serikali yetu. Serikali nayo ikatuelekeza kwa kamati ya amani, na kamati ikatuomba tusameheane tuendelee na maisha. Baadaye kesi ya wakubwa ikafia huko huko ng'ambo, tukaisikia redioni tukichambua maharagwe.

Basi nikaona huyu mzee hana mahakama hata moja. Nilipoajiriwa kituoni nikajifanya mimi ndiyo mahakama yake. Akina mama kwenye foleni walijua kinachoendelea, na wengine walinikonyeza. Yeye hakulalamika hata siku moja. Alirudisha majani kikapuni, akajikokota kwenda kituo kingine, mbali, na magoti yake mabaya. Nilimtazama mpaka akapotelea kwenye kona, nikasikia raha, sitadanganya.

Mwezi uliopita alifika, hakumwaga majani. Aliweka kikapu chini, akavua kofia, akasema kwa sauti ya kusikika na foleni nzima:

“Mwanangu, mimi ndiye niliyeonyesha boma lenu. Waliniuliza, nikaogopa watachoma langu. Nilijua baba yako yumo ndani.”

Hilo la mwisho sikuwa nikilijua. Miaka yote nilidhani alifikiri tumeshakimbia wote. Nilimwaga mwenyewe majani yake, nikayapima, nikaandika kilo zake bila kupunguza. Mama mmoja alilia. Mwingine akasema Mungu ametenda.

Kesho yake alikuja amenyoa ndevu. Alikuwa akitaniana na akina mama, anacheka, anauliza lori la kiwanda limechelewa wapi. Sikuwahi kumwona akicheka. Nikaelewa kwamba neno lile lilikuwa limemlemea kifuani, na jana nilimpokea mzigo akaenda zake mwepesi. Mimi nilibaki na picha ya baba akiwa ndani, akisikia sauti ya jirani yake nje ya mlango. Hasira ilinipanda upya, mbaya kuliko ya kwanza.

Zamu yake ilipofika nilipekua. Laini, kama kawaida.

“Magumu,” nikamwambia.

Hakuna aliyenikonyeza. Yule mama aliyelia jana alitazama viatu vyake. Mzee aliuliza taratibu, bila ugomvi:

“Sasa unataka nini kwangu, mwanangu?”

Nilimtaka baba yangu. Lakini hilo sikuweza kulitamka mbele ya mizani, kwa hiyo nikamwita aliye nyuma yake alete kikapu.