Siku Niliyosema Sina Mke Mbele ya Gwaride

Jamani, jambo hili sijawahi kulisimulia lote, maana kila nikifika katikati uso unapata moto nabadilisha maneno, lakini leo mtalisikia mpaka mwisho, na mkitaka kucheka chekeni, mimi mwenyewe bado sijaweza. Mimi Shabani wa kijijini Kanga, mtu mzima mwenye ndevu zangu, nilimkana mke wangu hadharani, kwa sauti ya kijeshi, naye yupo palepale ananitazama.

Mjue kwanza hali yangu ilivyokuwa. Mimi ni mgambo, na mgambo wa huku kwetu kisiwani ni askari wa kuitwa: leo unalinda mnada, kesho unasindikiza wakubwa, keshokutwa unatafuta mtu aliyepotelea baharini, kisha unavua sare unarudi kwenye minazi na mihogo yako kama vile si wewe. Miaka mitatu niliishi hivyo, nusu askari nusu mkulima, wala sikuona taabu, mpaka ilipokuja habari kwamba jeshi lenyewe, lile la kudumu, linachukua vijana kutoka kwa mgambo wa wilaya yetu. Kazi ya moja kwa moja hiyo, na matibabu, na heshima. Usingizi ukaanza kunipaa.

Mwanaidi tulikuwa tumeoana hata mwaka haujatimia. Ni mtoto wa Baleni, si msemaji, lakini akisema umesemwa. Nilipomweleza habari za jeshi aliacha kupepeta mchele akaniuliza, "Moyo wako unataka?" Nikamwambia sijui, na wallahi sikujua, maana siku nyingine naamka nimeshakwenda, siku nyingine nikimwona pale uani nasema niende wapi mie. Akanijibu, "Basi fikiri. Ila ukishaamua, niambie."

Kitu kimoja tu sikumwambia. Walikuwa wanataka asiyeoa. (Nililisoma tangazo mwenyewe kwenye ubao wa ofisi ya kata, nikalisoma mara ya pili nikidhani macho yananidanganya.) Nikajisemea, we Shabani, jiandikishe kwanza, pengine hata hutachaguliwa, ya nini kumtia mtoto wa watu mashaka ya bure? Uamuzi wenyewe ulikuwa mdogo hivyo tu, kama kufunga mlango ili kuku asiingie.

Siku ya usaili tukakusanywa kiwanja cha mpira cha shule. Asubuhi hiyo Mwanaidi alinipigia pasi sare mpaka suruali ikasimama yenyewe, nami nikamwambia asije, jua lile litamuumiza kichwa. Akaja. Tena hakuja peke yake, alikuja na baba yake, Mzee Bakari, aliyetoka Baleni na kanzu yake ya Ijumaa siku ambayo haikuwa Ijumaa, kwa kuwa amesikia mkwewe anaingia jeshi kubwa. Niliwaona wakijipenyeza mpaka mbele kabisa, mzee anawaambia watu, "Yule wa tatu kutoka kulia, yule ni wetu."

Afande akawa anapita mmoja mmoja. Nilidhani maswali yataulizwa ofisini, kumbe ni papo hapo, na kwa sauti. Umri, elimu, ugonjwa. Akafika kwangu, akanitazama juu mpaka chini.

"Una mke?"

Ningeweza kusema ninaye. Neno lilikuwa karibu tu. Lakini ulimi ulikuwa umeshajizoeza peke yake wiki mbili nzima. "Sina, afande!"

"Sikusikii!"

"Sina mke, afande!"

"Wewe askari au bibi harusi? Sema wakusikie mpaka pwani!"

"Sina mke, afande!"

Kisha nikasikia mtu nyuma huko, sijui nani mpaka leo, akisema taratibu, "Ya tatu hiyo."

Hapo ndipo nilipoelewa nimefanya nini, au watu wameelewa nini, maana kwetu mwanamume akitamka maneno ya namna hiyo mara tatu mbele ya mashahidi hakuna anayeyaita usaili. Nikamwona Mwanaidi anavuta ushungi wake, akamshika baba yake mkono wakageuka. Na mimi nimesimama mguu sawa! Siwezi kugeuka, siwezi kuita, hata shingo siwezi kuipinda, nawafuata kwa pembe ya jicho mpaka ile kanzu nyeupe ikapotea nyuma ya madarasa. Sijapata kuona mguu sawa mrefu namna ile.

Kufika alasiri habari imenitangulia nyumbani. (Kuna mtu alirekodi, ikarushwa kwenye kundi la simu la kata, nami nimo kwenye kundi hilo, nikajisikiliza.) Mama alinipokea mlangoni, salamu yangu hakuitika.

"Umemwacha mtoto wa watu?"

"Sikumwacha, Mama. Nilikuwa naomba kazi."

"Kazi gani inaombwa kwa talaka?"

Mwanaidi hakurudi Kanga siku ile. Asubuhi nikaenda Baleni. Nikamkuta Mzee Bakari barazani. "Shikamoo, baba." Akasema, "Marahaba. Kaa hapohapo. Ndani huingii mpaka tujue wewe ni nani kwetu." Nikakaa kwenye ukingo kama muuza samaki, wapita njia wananisalimia kwa huruma, mpaka akaja sheikh wao na baiskeli, anapenga mafua.

"Sema hasa ulivyosema," akaniambia. Nikasema kwa sauti ya chini. "Sikusikii, masikio yameziba." Nikapandisha sauti kidogo, "Nilisema, sina mke."

Mzee Bakari akashika kichwa. "Astaghfirullah, sasa nne!"

Sheikh akamnyamazisha kwa mkono. "Ulinuia kumwacha?"

"Hapana, sheikh."

"Ulinuia nini?"

"Kupata kazi."

Akapenga tena, akafikiri. "Basi huo ni uongo, si talaka. Mke ni wako. Na uongo ni wako vilevile, nenda katubie."

Nilishusha pumzi, nikadhani yamekwisha. Ndipo sauti ya Mwanaidi ikatoka nyuma ya pazia. "Na mimi nina swali. Shabani, ungeniambia lini?"

Nilitafuta uongo mwingine, sikuupata. Nikasema kweli. "Ningekupigia simu, nikishafika kambini."

Pazia halikutikisika. Akasema, "Haya. Nenda nyumbani." Hata Mzee Bakari, aliyekuwa na maneno mengi tangu asubuhi, aliangalia chini.

Siku chache baadaye majina yakabandikwa Kilindoni, kwenye ofisi ya wilaya. Langu limo. Nililigusa kwa kidole. Nikakaa kwenye ngazi za ile ofisi nikiwaza: Mwanaidi yuko Baleni hata hivyo, hasemi nami, nikienda nani atanizuia? Kweli nusura niende, nisiwadanganye. Kisha nikalikumbuka lile swali la nyuma ya pazia, nikaingia kwa afande.

"Nimekuja kutoa jina langu. Nina mke."

Aliweka kalamu chini. "Yule mzee wa kanzu ndiye mkwe?"

"Ndiye, afande."

"Ndiyo maana alinitazama vile." Hakucheka. "Ungegundulika kambini ungerudishwa na aibu mara mbili. Una hakika? Nafasi hizi hazimfuati mtu."

Nikasema ninayo hakika. Akachukua rula, akapiga mstari mmoja ulionyooka.

Mwanaidi alirudi baada ya wiki tatu, na mfuko wa mihogo kichwani. Nikakimbilia kumwambia nimeacha jeshi kwa ajili yake, nikitaraji walau tabasamu. Akatua mzigo.

"Sikurudi kwa sababu ya hilo. Ungeniambia, Shabani, pengine ningekwambia nenda."

Maneno hayo ndiyo yanayoniuma kuliko kile kiwanja chote. Vijana wa mgambo wananiita Sinamke mpaka leo, hilo nimelizoea, linapita. Mwenzangu aliyechaguliwa hunitumia picha zake za kambini, nami huzitazama nikazizima upesi. Sijui kama nilichagua vyema. Ninachojua ni kwamba sikupata nafasi ya kuchagua vyema, niliiharibu mwenyewe siku ile ubaoni, na nimeapa, jambo lolote linaloigusa nyumba yangu halitatangulia kufika kwa afande, wala kwa sheikh, wala kiwanjani, kabla halijafika kwa Mwanaidi.

Mwezi uliopita nililetewa ujumbe wa mgambo, nikiulizwa kama niko tayari kwa lindo la muda mrefu nje ya kisiwa. Sikuumaliza kuusoma. Nilitoka nao mpaka uani alipokuwa anaanika mihogo, nikampa simu. Akafuta mikono kwa kanga, akausoma polepole mpaka mwisho.

"Wameweka siku ya mwisho ya kujibu," akasema. "Keti, tufikiri tuwajibu nini."