Hewa Safi ya Shemeji Ganzorig

Mwanangu Nomin amevuta moshi wa mji wetu wa Ulaanbaatar miaka sita, hajazimia hata mara moja. Alizimia siku tuliyompeleka mlimani kuvuta hewa safi.

Msicheke.

Baridi ikianza, mtoto akipenga kamasi zinatoka nyeusi. Daktari alishatuonya: kifua kikimbana tena kabla baridi haijaisha, mapafu hayatarudi kama zamani. Kwa hiyo kila Jumapili shemeji yangu Ganzorig alitupandisha mlimani na gari lake kubwa.

Jumapili ile Nomin aliteleza kwenye theluji mpaka mashavu yakawa mekundu. Hakukohoa. Nililia kwa furaha, jamani.

Ganzorig naye, soseji mkononi, mafuta yanamchuruzika kidevuni, akanyoosha kidole kwenye lile wingu jeusi lililofunika mji.

"Ona uchafu ule! Watu wa mahema na majiko yao ya makaa. Wanatuua!"

Mama mkwe, mama yake mzazi, alikuwa papo hapo; naye anaishi kwenye hema pembezoni mwa mji, na jiko la makaa analo. Alichota maziwa kwa kijiko, kama mila yetu, akaurushia mlima kwa heshima. Mlima ule hata jina lake hatulitaji tukiwa mbele yake.

Maziwa yakaangukia theluji nyeusi tii.

Nikageuka. Magari yote pale yalikuwa yananguruma, hayana dereva. Ndiyo kawaida yetu: ukizima injini kwenye baridi ile, unaogopa haitawaka tena.

"Mama Nomin," mama mkwe akaniuliza, "mtoto yuko wapi?"

"Amelala garini, Mama. Shemeji amemwashia joto."

Mama alitupa kijiko, akakimbia. Theluji ilikuwa imeziba bomba la moshi, na moshi wote ulikuwa umeingia ndani. Nomin alikuwa amelegea, matapishi yamejaa kwenye koti.

"Zima gari!" nikapiga kelele.

"Weee, shemeji! Likigoma kuwaka je? Fungueni mlango tu, atapata hewa."

Wallahi, alisema hivyo. Mtoto wa kaka yake amelala kitini kama nguo iliyoloa, yeye anawaza injini.

Mama mkwe alizima mwenyewe, akachomoa ufunguo, akautia kifuani. Tulimtoa Nomin nje, tukampepea na kumsugua mpaka akalia. Sijawahi kupenda kilio namna ile.

Tulipotaka kumkimbiza hospitali, Mama akatoa ufunguo. Gari likawaka palepale, mara ya kwanza.

Nomin alipona. Jioni ile, yeye bado kavishwa kinyago cha oksijeni hospitalini, simu yangu ikalia. Ganzorig alikuwa ametuma picha yake ya mlimani kwa ukoo mzima: "Hewa safi ndiyo dawa. Watu wa mahema mjirekebishe."

Ndugu wakammiminia makopa.

Nikaikuza ile picha. Nyuma yake gari linatoa moshi, theluji imekuwa nyeusi, na ndani ya kioo kinaonekana kikofia chekundu cha mwanangu.

Nimeirudisha kwao wote, nimekizungushia duara kile kikofia. Sikuandika neno.

Wewe unayemtukana jirani kwa moshi wake, kabla hujamaliza, nenda kaangalie nyuma ya gari lako.